Darubini na Nyota za Mbingu Yetu

Jioni hii nataka kuwaelezeni habari za chombo kiitwacho darubini: jinsi kilivyo, jinsi ya kukisimamisha, na jinsi ya kukitumia nyumbani au shuleni bila kuharibu chombo wala macho yenu. Sisemi kama bingwa wa elimu ya nyota. Mimi ni mwalimu tu wa chuo cha ualimu, na mengi nitakayosema nimejifunza kwa kukosea.

Siku hizi darubini ndogo si kitu cha ajabu tena. Mwaka 2009 ulifanywa kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Elimu ya Nyota, kwa kuwa ilikuwa imetimia miaka 400 tangu Galileo wa Italia aelekeze darubini yake mbinguni. Mwaka huo ilitengenezwa darubini nyepesi ya bei nafuu kwa ajili ya wanafunzi, nayo ikaitwa Galileoscope. Kioo chake cha mbele kina upana wa milimeta 50, na hukuza mara 25. Tangu hapo shule kadha wa kadha zimepata darubini za namna hii na nyingine kubwa kuliko hizo, mara nyingi kwa zawadi. Lakini nimepata kuona zaidi ya moja ikilala kabatini ndani ya sanduku lake, imefunikwa vumbi, na walimu wake wakisema, "Ni mbovu." Kwa kweli si mbovu. Ile ya chuo chetu nayo ililala hivyo mwaka mzima, na kosa lilikuwa langu. Sikilizeni jinsi ilivyokuwa.

Chuo chetu kiko juu ya mji wa Moshi, katika miteremko ya mlima, na tukisimama uwanjani Kibo kiko mbele yetu upande wa kaskazini. Darubini ilipofika nilikisoma kitabu chake kwa bidii, neno kwa neno. Kitabu kiliandikwa Ulaya. Kiliagiza hivi: kwanza itafute Nyota ya Kaskazini, ile isiyosogea, ukauelekeze mhimili wa chombo kwenye nyota hiyo, ndipo uanze kazi. Basi nikatoka usiku pamoja na wanafunzi, tukaitafuta Nyota ya Kaskazini. Hatukuiona. Usiku wa pili tukatoka tena, na usiku wa tatu vivyo hivyo. Mara tulidhani mawingu yameifunika, mara tulidhani macho yetu ni dhaifu. Wanafunzi wakaanza kunitazama kwa jicho la mashaka, nami nikaanza kuona haya.

Usiku ule wa tatu mlinzi wa chuo akatukaribia. Ni mzee wa makamo ya baba yangu. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mzee." Akaitikia, "Marahaba, Mwalimu. Mmepoteza nini huko mlimani?"

Nikamjibu, "Hatukupoteza kitu, Mzee. Twatafuta nyota moja iliyo kaskazini, isiyosogea."

Mzee akacheka kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, mimi nimekesha hapa miaka mingi, na nyota ndizo saa yangu. Nyota za upande ule hutoka mkono wa kuume, hupita juu ya mlima, huzama mkono wa kushoto. Hata moja sijaiona ikisimama. Kisichosogea huko ni Kibo tu."

Asubuhi nikafungua kitabu cha ramani, nikaona kwamba mzee amesema kweli, na ya kuwa mimi, mwenye vyeti vyangu vyote, sikufikiri. Mji wa Moshi uko digrii 3 na kidogo kusini ya Ikweta. Mtu akaaye London huiona Nyota ya Kaskazini juu mbinguni kwa kadiri ya digrii 51, kwa sababu ndiko aliko duniani. Lakini kwetu sisi nyota hiyo iko chini ya upeo wa macho usiku wote na mwaka wote. Tena mbele yake umesimama mlima wenye kimo cha mita 5,895. Mabaharia wa majahazi waliokwenda Arabuni waliiona ikipanda juu kadiri walivyoendelea kaskazini. Mtu wa Moshi hataiona asilani, isipokuwa asafiri.

Wasikilizaji wangu, hili ndilo neno langu kubwa la leo: kabla ya kuuliza nyota ziko wapi, jiulize kwanza wewe mwenyewe uko wapi. Chombo kimetoka ugenini, na kitabu chake kimeandikwa kwa watu wa mbingu nyingine. Mbingu yako inataka ujifunze habari zake hapa hapa ulipo.

Sasa natuingie katika kazi yenyewe. Darubini ni nini? Watu wengi hudhani kazi yake kubwa ni kukuza vitu. Sivyo. Kazi yake ya kwanza ni kukusanya nuru. Mboni ya jicho la kijana, gizani, hufunguka kwa upana wa milimeta 7 hivi. Darubini yenye kioo cha milimeta 70 ina upana mara 10 ya huo. Na kwa kuwa eneo ni upana mara upana, hukusanya nuru mara 100. Ndiyo maana huonyesha nyota ambazo jicho tupu haliwezi kuziona kabisa. Ni kama pipa na kikombe vilivyowekwa nje wakati wa mvua: mvua ni ile ile, lakini pipa hupata maji mengi.

Ziko namna mbili zilizo za kawaida. Moja ina kioo cha mbele kinachopitisha nuru na kuikunja, kama kioo cha miwani. Ya pili ina kioo kama cha kujitazamia, kilichokaa chini ndani ya bomba, ambacho huirudisha nuru juu. Zote mbili ni nzuri. Kila moja ina kioo kidogo cha jicho, ambacho huweza kutolewa na kubadilishwa.

Ukitaka kujua darubini yako hukuza mara ngapi, fanya hesabu nyepesi. Tazama namba ya urefu iliyoandikwa kwenye bomba, uigawe kwa namba iliyoandikwa kwenye kioo cha jicho. Bomba likiwa na 700 na kioo cha jicho 25, darubini hukuza mara 28. Ukiweka kioo cha jicho cha 10, hukuza mara 70. Angalieni vema: kioo cha jicho chenye namba kubwa ndicho kinachokuza kidogo. Anzeni na hicho siku zote.

Na dukani msidanganywe na maneno ya sanduku. Masanduku mengine yameandikwa kwamba darubini hukuza mara 500 na zaidi. Kanuni ni hii: chukua upana wa kioo cha mbele kwa milimeta, uzidishe kwa 2, hapo ndipo mwisho wa kukuza kunakofaa. Darubini ya milimeta 70 haipaswi kupita mara 140. Ukizidisha hapo utaona wingu kubwa lenye giza, mfano wa uji uliotiwa maji kupita kiasi: wingi umeongezeka, utamu umekwisha.

Sasa kuhusu kitako na miguu. Chombo chenye kioo kizuri juu ya miguu inayotikisika hakifai kitu. Ukikuza mara 70, mtikiso nao hukuzwa mara 70. Kwa hiyo chagua ardhi ngumu, wala si sakafu ya mbao ambayo watu hupita. Usiirefushe miguu mpaka mwisho. Afadhali uketi kwenye kigoda utazame kwa utulivu. Ukitaka, funga jiwe zito ndani ya mfuko, ulining'inize katikati ya miguu mitatu.

Viko vitako vya namna mbili. Cha kwanza huenda kushoto na kulia, juu na chini, basi. Hicho ndicho kinachowafaa wanaoanza, hasa katika nchi yetu. Cha pili ndicho kile kilichonitia aibu: kina mhimili ulioinama, ambao lazima uelekezwe kwenye ncha ya mbingu ili chombo kizunguke pamoja na nyota. Kwetu ncha ya kaskazini imezama, na ncha ya kusini iko juu ya upeo kwa digrii 3 tu, ndani ya ukungu na miti, wala hapana nyota ing'aayo ya kuionyesha. Tulipojaribu kuulaza mhimili ule kama hesabu itakavyo, skurubu ilifika mwisho wake kabla ya digrii 3, na lile pande la chuma la kusawazisha likagonga miguu.

Basi tulifanya nini? Tulimwendea fundi seremala. Huko Marekani, katika mji wa San Francisco, palikuwa na mtu aitwaye John Dobson, aliyezaliwa mwaka 1915 akafa mwaka 2014, ambaye alifundisha watu wa kawaida kujitengenezea darubini zenye vitako vya mbao, akaziweka kando ya njia ili kila apitaye atazame. Kwa mfano wa kazi yake fundi wetu alitengeneza kisanduku kinachozunguka juu ya ubao wa duara wenye msumari mnene katikati, na juu yake akaweka vishikio viwili vya kubeba bomba. Mahali pa msuguano tukapaka nta ya mshumaa. Haukupita mwisho wa juma, darubini ililala mwaka mzima ikawa inakwenda kwa kidole kimoja.

Jambo linalofuata ni kuilinganisha ile darubini ndogo ya kulengea iliyo juu ya bomba. Fanyeni kazi hii mchana, maana usiku ni taabu. Tafuta kitu kilicho mbali, kama mnara wa kengele au mti ulio peke yake ukingoni mwa kilima. Kilete katikati ya darubini kubwa; kisha geuza skurubu za ile ndogo mpaka kitu kile kile kiwe katikati yake pia. Msishangae mkiuona mnara umesimama kwa kichwa, maana darubini nyingi hupindua. Mbinguni hakuna juu wala chini, basi haidhuru.

Lakini nikitaja mchana, lazima ninene neno la kuonya, na nawasihi wazazi na walimu walisikie. USITAZAME JUA KWA DARUBINI, wala kubwa wala ile ndogo ya kulengea, hata kwa nukta moja. Niliwaonyesha wanafunzi wangu kwa nini. Niliielekeza darubini kwenye jua kwa kufuata kivuli chake tu, bila kuchungulia, kisha nikashika jani kavu la mgomba kwa koleo nyuma ya kioo cha jicho. Kabla sijahesabu hata kumi, jani lilitoa moshi, likatoboka. Darasa zima likanyamaza. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Mwalimu, mtu si angesikia maumivu akaondoa jicho?" La. Ule utando wa ndani ya jicho unaopokea nuru hausikii maumivu. Mtu huunguzwa bila kujua, na baada ya saa kadha huona doa jeusi ambalo huenda lisiondoke maisha yake yote. Kwa hiyo mchana msiwaachie watoto darubini peke yao, na ikiisha kazi, vifuniko virudishwe.

Darubini nyingine za zamani zina kioo cheusi kidogo cha kutazamia jua, kinachokazwa kwenye kioo cha jicho. Kitupeni. Hupata moto, kikapasuka ghafula wakati jicho liko hapo. Kinachofaa ni kifuniko maalum kinachoziba kioo chote cha mbele, kabla nuru haijaingia. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa likawa kama pete, na watu walikusanyika Rujewa, katika wilaya ya Mbarali, kulitazama. Waliotumia miwani maalum ya kazi hiyo waliona ajabu kubwa, wakarudi kwao na macho yao salama. Tuwe kama hao.

Natugeukie usiku, ulio wakati wa furaha. Hapa Moshi jua huchwa karibu saa kumi na mbili u nusu mwaka mzima, na giza kamili huwa limeingia mnamo saa mbili kasoro robo. Itoe darubini nje nusu saa kabla ya kutazama, ili bomba lipoe. Bomba lenye joto hufanya nyota zicheze kama vitu vionekanavyo juu ya moto. Ondoka kwenye kihamba, maana migomba hufunika mbingu. Uwanja wa shule hufaa zaidi. Zima taa, ungoje macho yazoee giza kwa dakika 20. Umande wa mlimani ni mwingi; ukikifunika kioo cha mbele usikifute kwa kanga wala kwa leso, kwa maana utakikwaruza. Kielekeze chini, au kizungushie karatasi ngumu iliyokunjwa kama mwanzi mrefu, ikitokeza mbele.

Ninyi mkaao mlimani mwajua desturi ya mawingu yetu. Wakati wa masika usitazamie mengi. Miezi ya Januari na Februari huwa mizuri. Tena mara nyingi mawingu yaliyokusanyika alasiri huondoka usiku wa manane, na saa kumi ya alfajiri Kibo huonekana cheupe na nyota juu yake. Aamkaye mapema hupata sehemu yake.

Tuanze na mwezi. Wengi hungoja mwezi mpevu. Hilo ni kosa, kwa kuwa wakati huo nuru huupiga usoni na vivuli hupotea. Utazame ukiwa nusu, au umepita nusu kwa siku moja au mbili, kwenye mpaka wa nuru na giza. Hapo utaona milima na mashimo ya mviringo yaliyofanywa na mawe makubwa yaliyoanguka kutoka angani. Shimo moja, liitwalo Copernicus, lina upana wa kilometa 93: ni zaidi ya mwendo wa kutoka Moshi hata Arusha. Shimo la kilele cha Kibo, lililofanywa na moto wa ardhini, lina upana wa kilometa 2 na zaidi tu. Na mwezi mchanga mtauona umelala kama mtumbwi, wala haukusimama kama mundu ulio katika picha za vitabu vya Ulaya. Hapo pia mbingu ni yetu.

Baada ya mwezi, tafuteni Mushtarii, nyota kubwa ing'aayo bila kumetameta. Kando yake mtaona vinukta vinne katika mstari mmoja: ndiyo miezi yake, aliyoiona Galileo mwezi Januari 1610. Chora mahali pa kila kimoja katika daftari, na kesho chora tena. Vitakuwa vimehama, maana kile kilicho karibu zaidi huzunguka kwa muda usiotimia siku 2. Zohali nayo ina pete. Mwezi Machi 2025 pete hizo zilitukabili kwa ukingo, zikawa nyembamba kama uzi. Tangu hapo zinafunguka tena mwaka hata mwaka. Zuhura hupungua na kuongezeka mfano wa mwezi.

Katika miezi ya kiangazi cha mwanzo wa mwaka tazameni Kilimia, kile kikundi cha nyota ambacho wazee wa pwani walikipa jina kwa ajili ya kulima. Jicho tupu huhesabu sita au saba. Darubini yenye kukuza kidogo huonyesha makumi. Nuru mnayoipokea iliondoka huko zaidi ya miaka 400 iliyopita, zamani za ujana wa Galileo. Na mwezi Mei, mawingu yakikubali, tazameni kusini, mtauona Msalaba wa Kusini, na kando yake nyota mbili kubwa zinazouelekea. Ile iliyo mbali zaidi na Msalaba, ukiikuza mara 70, hugawanyika kuwa mbili! Hao ndio jirani zetu wa karibu baada ya jua, na hata hivyo nuru yao husafiri miaka 4 na zaidi mpaka itufikie. Mtu wa London, akikaa kwao, hauoni Msalaba huo maisha yake yote. Basi msidhani kwamba tumepunjwa kwa kukosa Nyota ya Kaskazini. Sisi tulio karibu na Ikweta, mwaka ukizunguka, huona karibu nyota zote za kaskazini na za kusini pia.

Neno la mwisho juu ya kutumia: nyota ikikimbia kutoka kiooni, chombo si kibovu. Ni dunia inayozunguka. Kwa dakika 2 nyota husogea kadiri ya upana wa mwezi. Isukume darubini polepole, ukaifuate.

Usiku wa kwanza wa kitako kipya, nilimwita yule mzee mlinzi awe wa kwanza kutazama Zohali, kabla ya wanafunzi na kabla ya mkuu wa chuo. Alitazama muda mrefu, mikono yake nyuma kama nilivyomwomba. Kisha akainuka akasema, "Hii naijua. Miaka yote imenipita juu ya kichwa, na sikujua kwamba imevaa pete." Tangu siku ile yeye ndiye anayetuambia ni saa gani nyota fulani itatoka nyuma ya miti, nasi hatujamwona akikosea.

Basi, ninyi mlio na darubini kabatini, itoeni. Pangusa vumbi la bomba, lakini vioo usiviguse kwa vidole. Tafuteni seremala, na wazee wanaokesha, nao muwaulize. Wasio na darubini nao wasikate tamaa: wajifunze kwanza mbingu kwa macho yao, wajue mashariki yao na magharibi yao, wajue nyota ipi hupita juu ya mlima wao saa ngapi. Siku chombo kitakapofika, watakuwa wameimaliza nusu ya kazi.